Hotuba ya Rais bungeni kila mwaka: tuifuatilie vipi bila kuishia kuhesabu makofi?

kikundi_umoja

Hamjambo wadau. Kuna kikundi cha vijana hapa Umoja, Nairobi, kinachotaka kufuatilia Hotuba ya Rais kuhusu Hali ya Taifa, ile ya kila mwaka bungeni, kuanzia siku inaposomwa hadi mwaka unaofuata. Tumekwama mapema. Wengine wanasema ni desturi tu tuliyoiga Marekani, wengine wanasema ni sharti la Katiba.

Kwa hivyo: Katiba ya Kenya inadai nini hasa? Nini hufuata Rais akishatoka ukumbini? Na ahadi zikitolewa, tutajuaje ipi ina miguu na ipi ni upepo? Tunaomba vifungu, tarehe na nyaraka. Sifa na lawama za Rais huyu au yule zina uzi wake kule kwingine.

Mwanaibara

Ndugu, fungua Ibara ya 132(1) uisome polepole, maana watu huimeza kama tonge moja. Aya ya (a) inamtaka Rais ahutubie ufunguzi wa kila Bunge jipya baada ya uchaguzi. Aya ya (b) inamtaka ahutubie kikao maalumu cha Bunge mara moja kila mwaka, na inamruhusu kuhutubia wakati mwingine wowote. Aya ya (c) ndiyo yenye nyama. Kila mwaka Rais alieleze taifa, kwa hotuba, hatua zilizochukuliwa katika kutimiza maadili ya kitaifa yaliyo katika Ibara ya 10. Achapishe maelezo ya hatua hizo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Na awasilishe kwa Bunge la Kitaifa, ili ijadiliwe, ripoti kuhusu jinsi Jamhuri inavyotimiza wajibu wake wa kimataifa.

Juu ya hayo weka Ibara ya 240(7): Baraza la Usalama wa Kitaifa, ambalo Rais ndiye mwenyekiti wake, huripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Kwa mazoea yote haya hufungwa kifurushi kimoja. Rais anasoma hotuba, kisha anawasilisha ripoti tatu: ya maadili, ya wajibu wa kimataifa na ya usalama. Runinga huonyesha hotuba. Ripoti ndizo zenye kurasa na majedwali, na ni wachache sana wanaozifungua.

Mkitaka kupata kasoro ya kwanza kabisa, angalieni hapo. Kati ya zote, ni ripoti ya wajibu wa kimataifa peke yake ambayo Katiba imesema wazi kwamba iwasilishwe ili ijadiliwe. Ile ya maadili Katiba imeitaka hotubani na kwenye Gazeti Rasmi, basi. Bunge huipeleka kwenye Kamati ya Utangamano wa Kitaifa na Fursa Sawa kwa utaratibu wake lenyewe.

Kuhusu Marekani: hapana, mzizi wake haukutoka huko. Tulirithi ufunguzi wa Bunge wa Waingereza, ambako mfalme husoma hotuba iliyoandikwa na serikali. Kabla ya 2010 Rais wa Kenya alikuwa akifungua msimu wa vikao, na yeye mwenyewe alikuwa mbunge. Katiba ya 2010 ilimtoa kwenye kiti cha ubunge, ikambakishia wajibu wa kuja kutoa hesabu. Leo akiingia ni mgeni katika nyumba ya wenyewe: kikao cha pamoja huongozwa na Spika wa Bunge la Kitaifa akisaidiwa na Spika wa Seneti, kwa mujibu wa Ibara ya 107(2).

Kichekesho ni kwamba maneno "Hali ya Taifa" hayamo katika Ibara ya 132. Hayo ndiyo tuliyoyaokota Marekani, ambako Katiba yao inamtaka Rais alipatie Bunge lao taarifa "mara kwa mara" kuhusu hali ya muungano wao. Haisemi kila mwaka wala haisemi kwa mdomo. Rais Washington alihutubia mnamo Januari 1790, Jefferson mwaka 1801 akaamua kupeleka maandishi tu, na ikabaki hivyo hadi Wilson aliporudi kusimama mbele ya Bunge mwaka 1913. Rais wetu hana hiari hiyo. Aya ya (b) inasema ahutubie.

mzee_wa_galari

Mwanaibara kamaliza upande wa sheria. Mimi nieleze siku yenyewe, kwa sababu mengi yanayoonekana ni mapambo, na machache yana maana.

Nje ya majengo ya Bunge kuna gwaride la heshima, Rais analikagua. Barabara za karibu hufungwa, kwa hivyo wa Ngong Road na wa Railways mjipange. Kisha huja msafara wa kuingia ukumbini, Sajenti wa Bunge akiwa mbele na rungu la Bunge begani. Rungu hilo ni alama ya mamlaka ya Bunge lenyewe. Msilichanganye na fimbo ya Rais. Ukumbi unaotumika ni wa Bunge la Kitaifa kwa kuwa ndio mkubwa. Wabunge ni 349 na maseneta 67 bila kuhesabu Maspika, basi kubanana ni lazima.

Kanuni za Kudumu zinasema Rais asikilizwe kimya, na hotuba isifuatwe na maoni wala swali. Hakuna hoja ya nidhamu, hakuna kukatiza. Tarehe 31 Machi 2016 wabunge wa upinzani walipuliza filimbi ndani ya ukumbi na Spika akaamuru baadhi yao watolewe. Kelele ilisikika, lakini hotuba ilisomwa.

Kususia nako hakuzuii kitu. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, kwa Bunge la Kitaifa ni wabunge 50 na kwa Seneti ni maseneta 15, Ibara ya 121. Septemba 2017 upinzani ulisusia ufunguzi wa Bunge la 12 na shughuli iliendelea. Mkiona viti vitupu, andikeni kama habari ya kisiasa. Kisheria havina uzito.

Baada ya hapo nakala ya hotuba huwekwa mezani na inaletwa Hoja ya Shukrani, Bunge la Kitaifa na Seneti kila moja kwa wakati wake. Maneno yake ni ya kizamani: kwamba shukrani za Bunge zirekodiwe kwa maelezo ya sera ya taifa yaliyomo katika hotuba ya Rais. Hapo ndipo wabunge hupata nafasi ya kuipasua. Kama kuna siku ya kuja galari, yaani roshani ya watazamaji, njooni siku hiyo. Siku ya hotuba yenyewe ni ya kadi za mwaliko.

kikundi_umoja

Asanteni sana wazee. Mzee wa galari, Hoja ya Shukrani ikiangushwa je? Rais anaondoka?

mzee_wa_galari

Haondoki. Uingereza ndiko inakouma: Januari 1924 serikali ya Waziri Mkuu Baldwin ilishindwa katika kura ya kujibu hotuba ya mfalme, ikajiuzulu. Huko serikali huishi kwa imani ya Bunge. Kwetu Rais amechaguliwa moja kwa moja na wananchi, na njia ya kumwondoa ni Ibara ya 144 au 145, kila moja na masharti yake. Hoja ya Shukrani ikianguka ni aibu, basi.

bahati_nasibu

Kwa hivyo jibu ni kwamba ni tamasha. Anasoma, wanapiga meza, wanashukuru, wanaenda kunywa chai. Hata maswali haulizwi. Vijana tafuteni kazi nyingine.

shilingi_kwa_shilingi

Ndugu yangu bahati, nusu ya maneno yako nakubali. Afrika Kusini wabunge hujadili hotuba ya Rais, kisha Rais mwenyewe anarudi kuwajibu. Kwetu hajibu mtu. Hilo ni pengo halisi, na hakuna ibara inayolizuia Bunge kuliziba.

Lakini hotuba imewahi kubadilisha mambo mchana huohuo, na imewahi kutoa ahadi iliyooza. Tofauti haikuwa ukali wa sauti. Linganisheni mbili.

Tarehe 21 Novemba 2024 Rais Ruto alitangaza bungeni kufutwa kwa mipango miwili na kampuni ya Adani: ule wa uwanja wa ndege wa JKIA na ule wa njia za umeme wa KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, ambao mkataba wake wa dola milioni 736 ulikuwa umetiwa saini Oktoba. Siku moja kabla, waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza mashtaka dhidi ya mwenye kampuni hiyo. Kufuta kulihitaji nini? Agizo kwa Wizara ya Uchukuzi na ya Kawi. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa serikali kuu, kwa hivyo neno likawa tendo.

Sasa rudini tarehe 26 Machi 2015. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa dhuluma za zamani na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu kwa ajili ya waathiriwa. Lakini hazina ya umma haizaliwi kwa hotuba. Inataka kuanzishwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, iwe na kanuni za kusema nani analipwa, kwa ushahidi upi na nani anaidhinisha, kisha itengewe pesa katika bajeti. Kanuni zikakwama, na waathiriwa wakakaa miaka bila kulipwa.

Kwa hivyo kikundi, msiandike "ahadi" kwa jumla. Kila sentensi yenye kitenzi cha kutenda ipeni aina yake. Je, ni agizo ambalo serikali kuu inaweza kulitoa peke yake? Hilo hupimwa kwa siku na wiki, na ushahidi wake ni barua, waraka au tangazo la Gazeti Rasmi. Linahitaji mswada? Tafuteni namba ya mswada na hatua uliyofikia. Linahitaji pesa? Hapo ndipo penye kazi kubwa, nitaeleza. Au ni jambo la kaunti, kama masoko na zahanati, ambayo Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka chini ya magavana? Ahadi za aina hii ya mwisho huvutia sana makofi na huchelewa kupita zote, kwa kuwa ardhi iko kwa mmoja na pesa ziko kwa mwingine.

Haya, pesa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili. Uhuru alipokuwa akihutubia mwezi Machi, kama alivyofanya 2014 hadi 2017, jambo jipya lilikuwa bado na mlango wa kuingilia kwenye makadirio ya Aprili. Katiba haitaji mwezi, na tangu 2020 tumezoea Novemba. Novemba bajeti ya mwaka huo imekwishapitishwa miezi mitano nyuma. Ahadi mpya yenye gharama ina njia mbili tu: ingoje makadirio ya Aprili inayofuata, au ipitie bajeti ya ziada chini ya Ibara ya 223. Hiyo ya pili ina kikomo, asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa na Bunge kwa mwaka huo, na idhini ya Bunge hutafutwa ndani ya miezi miwili tangu pesa zitolewe mara ya kwanza.

Maana yake, mkisikia ahadi Novemba, msiitafute Desemba mkasema imefeli. Itafuteni katika Taarifa ya Sera ya Bajeti ya Februari. Isipotajwa humo, wekeni alama nyekundu. Aprili angalieni makadirio. Kama haimo, haina pesa, hata kama imerudiwa kwenye kila mkutano wa hadhara.

Na ikiwa imo bado msishangilie. Kuna namba tatu ambazo watu huzichanganya: kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotolewa na Hazina ya Kitaifa (wizara ya fedha), na kiasi kilichotumika. Ya kwanza imo kwenye makadirio, mbili za mwisho zimo kwenye ripoti za Msimamizi wa Bajeti, anayetakiwa kuripoti kwa Bunge kila miezi minne. Mradi unaweza kutengewa pesa nono usione hata robo yake. Kwamba kilichotumika kilinunua kitu halisi, hilo ni la Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ripoti yake inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia 31 Desemba.

Mwanaibara

Nyongeza mbili kwa aliyoyasema shilingi.

Msitegemee nakala ya hotuba inayosambazwa kwa waandishi wa habari. Rais huongeza na kuruka akiwa jukwaani, na pengine maneno mazito kuliko yote hayamo kwenye karatasi. Kumbukumbu rasmi ni Hansadi, nayo hurekodi kilichosemwa. Nukuuni kutoka humo, na ukurasa muutaje.

La pili ni takwimu za mafanikio. Hapa ndipo vikundi vingi huaibika, kwa kukimbilia kusema Rais amedanganya kumbe wamelinganisha mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda. Kabla ya kusema lolote jiulizeni: namba inaanzia mwaka upi? Ni ya mwaka mmoja au ni jumla tangu aingie madarakani? "Tumejenga" ni nyumba zilizokwisha au pamoja na zilizo kwenye msingi? "Ajira" ni za kudumu au na vibarua wa wiki tatu? Halafu ndipo mchukue Ripoti ya Uchumi ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, mlinganishe.

kikundi_umoja

Hii ni zaidi ya tulivyotarajia, asanteni. La mwisho kwa upande wetu: nyaraka zenyewe tunazipata wapi? Na tukinyimwa?

dada_wa_nyaraka

Hapo niachieni mimi. Hansadi na orodha ya shughuli za siku ziko kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ke. Gazeti Rasmi linasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Makadirio na Taarifa ya Sera ya Bajeti ziko kwa Hazina ya Kitaifa. Pakueni siku ileile na mhifadhi kwenu, kwa sababu viungo vya tovuti za serikali hufa bila kuaga.

Msichokipata, ombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na halihitaji sababu. Muombaji awe raia, kwa hivyo lipelekeni kwa jina la mtu na nambari ya kitambulisho. Jina la kikundi peke yake huleta mabishano. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, kama habari ni nyingi au inabidi iulize kwingine. Kama habari iko ofisi nyingine, ombi lihamishwe ndani ya siku 5. Mkinyamaziwa au kukataliwa, nendeni kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ndiyo Ombudsman, ndani ya siku 30.

Maombi mengi hufa kwa kuwa mapana. Ukiandika "tupeni kila kitu kuhusu ahadi za Rais" utapata kimya. Andika hivi: nakala ya ripoti ya mwaka ya hatua zilizochukuliwa kutimiza maadili ya kitaifa, iliyowasilishwa Bungeni tarehe fulani, pamoja na nambari ya tangazo lake katika Gazeti Rasmi. Waraka mmoja, tarehe moja, ombi moja. Ya usalama mtakumbana na kisingizio cha siri za taifa, wakati mwingine kwa haki. Lakini iliyokwisha wekwa mezani Bungeni si siri tena, na hoja yenu ianzie hapo.

bahati_nasibu

Sawa, nimenyamaza. Galari basi, mtu anaingiaje? Ama nayo ni kwa kadi?

mzee_wa_galari

Siku za kawaida galari ya umma ni ya kila mtu, Ibara ya 118 inalitaka Bunge lifanye kazi yake hadharani. Njoo na kitambulisho, uvae kiheshima, na usipige picha ukiwa ndani. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne na Alhamisi saa nane na nusu mchana, na Jumatano mara mbili: saa tatu na nusu asubuhi na saa nane na nusu mchana. Kabla hujapanda matatu, soma orodha ya shughuli uone kama Hoja ya Shukrani imo siku hiyo. Isipokuwemo utasikiliza mswada wa majani chai.

shilingi_kwa_shilingi

Na kwa kuwa mko Umoja, msisahau ya nyumbani. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka gavana naye atoe hotuba ya kila mwaka kuhusu hali ya kaunti, na awasilishe kwa bunge la kaunti ripoti ya mwaka ya utekelezaji wa sera na mipango. Jedwali lenu la ufuatiliaji litafaa vilevile, badilisheni majina ya ofisi tu. Tena hapo barabara aliyoitaja mtaifikia kwa miguu.

kikundi_umoja

Tumeanza na ile ya Novemba 2024. Safu ni sita: maneno kama yalivyo kwenye Hansadi, ukurasa, aina ya ahadi, ofisi husika, waraka wa kuthibitisha, tarehe ya kuangalia tena. Tukikwama kwenye makadirio tutarudi kukusumbua, shilingi.

shilingi_kwa_shilingi

Ongezeni safu ya saba: nambari ya fungu la bajeti. Wizara hubadilishwa majina na kugawanywa kila baraza la mawaziri likifumuliwa, na bila nambari ya fungu mtatafuta mradi kwenye idara ambayo haipo tena. Tena kila nambari iandikeni pamoja na mwaka wake wa fedha, kwa sababu idara ikigawanywa nayo inaweza kubadilika.